Mwiteni Fundi: Peter Zumthor na Neno Tunalolionea Haya

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa makala fupi ya Kiingereza kuhusu Mswisi mmoja, Peter Zumthor, tuitafsiri kwa Kiswahili. Makala yenyewe haikuwa ngumu. Ilitaja kuzaliwa kwake, majengo yake makuu, na tuzo ya Pritzker aliyopewa mwaka 2009, tuzo ambayo watu wa fani ya ujenzi huilinganisha na Nobeli. Ugomvi ulianzia kwenye sentensi ya kwanza kabisa: mtu huyu tumwite nani? Kundi moja liliandika "msanifu majengo". Kundi la pili likashikilia "mbunifu majengo". Mwenzetu mmoja akataka "akitekta", kwa hoja kwamba dunia nzima inalielewa. Mimi niliandika "fundi".

Darasa likacheka. "Fundi ni wa kuziba mabomba," alisema mmoja, "huyu ana Pritzker!" Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu juu ya neno langu na kuandika pembeni: rejesta si sahihi. Alama mbili zikaenda.

Insha hii ni rufaa yangu. Sidai alama zirudishwe. Wala sisemi kwamba "msanifu majengo" ni istilahi mbovu; imekubalika na inafaa kubaki kwenye kamusi. Ninadai mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa mtu huyu hasa, neno "fundi" linasema ukweli ambao maneno yale mengine yanaupita pembeni. La pili, kwamba kicheko cha siku ile hakikuhusu rejesta hata kidogo. Kilihusu mikono.

Tuanze na maisha yake, maana yalikuwamo katika makala tuliyopewa na bado tuliyasoma kama watu wanaopita njia. Zumthor alizaliwa Basel mwaka 1943. Baba yake alikuwa seremala wa samani, na mwaka 1958, kijana akiwa na miaka 15, alianza uanagenzi wa kazi hiyohiyo. Alijifunza randa, patasi na kuunganisha mbao kabla ya kujifunza kuchora jengo. Baadaye alisoma katika chuo cha sanaa za ufundi huko Basel, kisha akaenda Pratt Institute, New York. Aliporudi hakukimbilia mji mkubwa kutafuta jina. Aliajiriwa na idara ya kuhifadhi majengo ya kale katika jimbo la Graubünden, jimbo la milima, na kwa takriban miaka kumi kazi yake ilikuwa kuyachunguza majengo ya vijijini: yalijengwaje, na nini kimeyafanya yasimame. Mwaka 1979 akafungua ofisi yake katika kijiji cha Haldenstein, karibu na mji wa Chur. Amebaki huko, na ofisi ndogo, hata baada ya dunia nzima kumjua.

Hebu tuusome mfuatano huo tena: uanagenzi, chuo, miaka kumi ya kuyasikiliza majengo ya watu wengine, ndipo jina lake mwenyewe. Mtu huyu alikuwa karibu na miaka 36 alipoanza kujitegemea. Kwa lugha yetu, njia hiyo ina jina. Mwanagenzi hufundwa, akahitimu, akawa fundi. Mzizi uliomo katika "fundi" ndio tunaousikia katika "funda" na "fundisha". Wanafunzi wa Kiswahili tukilicheka neno hilo, tunacheka mlango tulioingilia.

Lakini wasifu pekee hautoshi. Wapo watu wengi waliowahi kushika randa utotoni na leo hawana hata msumari mmoja wa kuonyesha. Tuyatazame majengo.

Mwaka 1984 maporomoko ya theluji yalikiharibu kikanisa cha kale katika eneo la Sumvitg. Zumthor alipopewa kazi ya kujenga kingine, kilichokamilika mwaka 1988, alikijenga kwa mbao. Umbo lake kwa chini ni kama jani au tone la maji, na kuta za nje zimevikwa vigae vidogo vya mbao kama nyumba za wakulima wa huko. Jua limeufanya upande mmoja kuwa mweusi wa hudhurungi na upande mwingine wa kijivu cha fedha. Mtu asiyejua mbao angeita mabadiliko hayo uchakavu, akaleta rangi ya kupaka. Seremala anajua kwamba mbao itabadilika, basi anaipangia mabadiliko hayo tangu siku ya kwanza.

Chukueni tena banda la Uswisi katika maonyesho ya Hannover ya mwaka 2000. Zumthor alilijenga kwa mihimili ya mbao iliyopangwa moja juu ya nyingine, kama tunavyoona mbao zikipangwa katika viwanja vya wauza mbao pale Ndeeba, Kampala, ili zikauke. Hapakuwa na gundi wala misumari. Mihimili ilibanwa pamoja kwa vyuma vyenye springi, ili mbao zikisinyaa, springi zifuate. Maonyesho yalipokwisha, banda lilifunguliwa na mbao zikaenda kutumika tena. Niambieni wazo hilo limetoka wapi kama si kwa mtu anayejua, kwa kuguswa na hasara, kwamba mbao mbichi husinyaa.

Na kile kikanisa cha shambani huko Wachendorf, Ujerumani, kilichokamilika mwaka 2007. Kilitakwa na mkulima mmoja na mkewe, kwa heshima ya Mtakatifu Niklaus von Flüe. Magogo 112 ya msonobari yalisimamishwa na kuegemezwa pamoja mfano wa hema. Kisha zege likashindiliwa kulizunguka hema hilo, tabaka juu ya tabaka, matabaka 24, kila moja la sentimita 50. Mwishoni moto wa polepole ukawashwa ndani kwa muda wa wiki tatu hadi magogo yakakauka na kuachana na zege. Yakaondolewa. Kilichobaki ndani ni ukuta mweusi wenye michirizi, alama ya magogo ambayo hayapo, na sakafu ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kazi hiyo hawakuifanya watu wa kampuni kubwa pekee. Wenye shamba, rafiki zao na mafundi wa karibu walishika zege kwa mikono yao. Tabaka la sentimita 50 ni kipimo cha siku moja ya kazi. Ukitazama ukuta huo kwa nje, unahesabu siku za watu.

Falsafa yake nayo inaanzia hapohapo. Katika kitabu chake Thinking Architecture, Zumthor haanzi na nadharia. Anaanza na kumbukumbu za utotoni, mojawapo ikiwa kitasa alichokuwa akikishika alipoingia bustanini kwa shangazi yake. Anasema kwa namna yake kwamba jengo huingia mwilini kabla ya kuingia akilini. Katika mhadhara wa mwaka 2003, uliochapishwa baadaye kwa jina Atmospheres, anaorodhesha mambo anayoyafikiria anapobuni, na kati ya hayo yamo sauti ya chumba, joto lake, na namna vitu viwili vinavyopatana vikiwekwa jirani, kama mbao na jiwe. Hayo ni mambo ambayo hayaonekani katika picha. Huyapati kwa kutazama skrini ya kompyuta. Unayapata kwa kuwapo, kwa kugusa, kwa kukosea na kurudia.

Sasa nijibu pingamizi, kwa kuwa najua zinakuja.

Pingamizi la kwanza nililisikia palepale darasani kutoka kwa rafiki yangu, na ndilo zito kuliko yote. Alisema: "Ndugu yangu, polepole ni anasa. Uswisi ni nchi tajiri. Mtu akikaa miaka kumi akifikiria ukuta, ni kwa sababu kuna anayelipa. Hapa kwetu tunahitaji madarasa na zahanati, tena jana." Simpingi kwamba Uswisi ni tajiri. Lakini na atazame ni nani aliyelipa na alilipia nini.

Bafu za maji moto za Vals, jengo lililompa Zumthor sifa kubwa zaidi, hazikuanza na bilionea. Vals ni kijiji cha bondeni chenye chemchemi ya maji moto. Miaka ya 1980 hoteli ya hapo ilikuwa imefilisika, na wanakijiji, kupitia serikali yao ya mtaa, wakainunua. Ni kijiji kilichompa kazi Zumthor. Naye alichukua jiwe la machimbo ya bonde hilohilo, kwatzaiti ya rangi ya kijivu na kijani, akalipasua vipande virefu vyembamba vinavyofikia 60,000, akavipanga kwa vimo vitatu tofauti vinavyojirudia ili mistari ya ukuta ikutane bila kukatwakatwa hovyo. Paa likafunikwa nyasi. Jengo lilifunguliwa mwaka 1996, na miaka miwili tu baadaye likawekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Wageni walikuja kutoka kila pembe, na kijiji kikapata riziki. Jiwe lilikuwa lao, machimbo yao, maji yao. Hiyo ni anasa ya namna gani, ambayo inaanza kwa kutumia kilichopo chini ya miguu yako?

Rafiki yangu angejibu kwamba simulizi halikuishia hapo, na ni kweli. Mwaka 2012 wanakijiji walipiga kura wakakubali kumuuzia mwekezaji. Zumthor na wenzake walikuwa wametaka kuinunua, wakashindwa. Tangu hapo amesema hadharani kwa uchungu kwamba kile alichokijenga kama mradi wa jamii kimeharibiwa. Kuta bado zimesimama. Jiwe halijasogea. Kilichobadilika ni nani mwenye mlango.

Mimi nalichukulia tukio hili kama fundisho gumu kwa wote wanaompenda Zumthor kwa picha zake, na pia kwangu mimi ninayemtetea. Fundi anaweza kupanga vipande 60,000 vya jiwe bila kosa, lakini hawezi kupanga hati ya umiliki. Polepole yake ililindwa na jamii iliyokubali kusubiri. Jamii ilipochoka kusubiri, au ilipoona fedha iliyo karibu ni bora, ufundi haukuwa na la kusema. Kwa hiyo simjibu rafiki yangu kwamba umaskini si hoja. Namjibu kwamba swali lake amelielekeza pasipo. Asiulize kama tunaweza kumudu kujenga kwa uangalifu. Aulize madarasa yetu na zahanati zetu ni za nani, na nani atakayekuwa na haki ya kumwambia mkandarasi: subiri, zege halijakauka.

Pingamizi la pili ni kwamba ninamfanya Zumthor kuwa mtakatifu. Hapana. Ana kushindwa kwake na nitakutaja. Mjini Berlin alishinda shindano la kubuni kituo cha kumbukumbu ya ugaidi wa Wanazi, mahali palipokuwa makao ya polisi wao wa siri. Ujenzi ulianza, gharama zikapanda, kazi ikasimama, na mwaka 2004 minara ya ngazi iliyokwisha kujengwa ikabomolewa. Ukaidi wa fundi anayekataa kupunguza kitu una bei yake, na mara nyingine bei hiyo ni kutokuwa na jengo kabisa. Los Angeles ndiko ninakopata taabu zaidi kumtetea. Kwa ajili ya jengo lake jipya la makumbusho ya sanaa ya kaunti, majengo manne ya zamani yalibomolewa mwaka 2020, na mahali pake pakawekwa jengo kubwa la zege linalovuka barabara ya Wilshire. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi akiyahifadhi majengo ya wakulima, leo anapisha njia kwa tingatinga. Wakosoaji wa huko walilalamika, na sioni aibu kukaa upande wao. Lakini angalieni: hata lawama hiyo tunaitoa kwa kipimo chake mwenyewe. Tunamhukumu kama fundi aliyesahau alichofundwa. Asingekuwa fundi, tusingekuwa na cha kumdai.

Pingamizi la tatu ni la mwalimu wangu, nami nalijibu kwa adabu inayostahili. Mwalimu anasema "fundi" ni neno la jumla mno: kuna fundi cherehani, fundi saa, fundi bomba, fundi umeme. Istilahi hutaka ukomo. Naam. Lakini tujiulize "sanifu" yenyewe ilitoka wapi hadi ikawa na heshima. Kusanifu ni kutunga au kufanya jambo kwa ustadi. Baadaye, hasa tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 na lahaja ya Kiunguja kufanywa msingi, tulizoea kusema "Kiswahili sanifu" tukimaanisha kile kilichopimwa, kikakubalika na kufanywa kimoja kwa wote. Neno moja likabeba mizigo miwili: ustadi, na usawazishaji. Hofu yangu ni kwamba mzigo wa pili umeumeza wa kwanza. Tukisikia "msanifu" leo, tunamwona mtu wa ofisini mwenye muhuri, anayehakikisha vitu vinafanana. Ustadi wa mkono umeanguka njiani, na hatukurudi kuuokota.

Matokeo yake tumegawa kazi moja mafungu mawili. Juu yuko msanifu anayefikiri. Chini yuko fundi anayetii. Huyu wa juu hajui mbao inasinyaa kiasi gani, na huyu wa chini haulizwi. Kisha ukuta ukipasuka, tunamkamata wa chini. Maisha ya Zumthor yanaupinga mgawanyo huo, na lugha yetu ilikuwa na neno la kuusemea kabla hajazaliwa. Waswahili walimwita fundi aliyechonga mlango wa Lamu na aliyejenga jahazi. Hakuna aliyefikiri kwamba wanamdharau.

Nimefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kumaliza. Lakini nikimaliza hapa nitakuwa nimeficha jambo, na nimewalaumu wengine kwa kosa ambalo nami nimelitenda.

Baba yangu ni seremala. Kwetu kwa Kiganda tunasema mubazzi. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara, msumeno wa umeme mmoja ambao hukopwa na majirani, na vijana wawili anaowafunda. Vitanda na makabati yake ndivyo vilivyonilipia karo tangu darasa la kwanza. Utotoni nilishika upande mwingine wa mbao alipokuwa akirandia, na ni yeye aliyenifundisha kuipitishia mbao kiganja macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu, alisema, jicho huridhika mapema. Wiki ya kwanza ya chuo, tulipojitambulisha darasani mmoja baada ya mwingine na kutaja wazazi wetu wanafanya kazi gani, nilisema baba yangu ni mfanyabiashara.

Hakuna aliyenilazimisha. Neno "fundi" lilifika ulimini nikalimeza. Kwa hiyo darasa lilipocheka muhula uliopita, nilikitambua kicheko kile. Nilikuwa nimekicheka mimi kwanza, kimyakimya, miaka miwili kabla yao.

Ndiyo sababu nasema jambo hili halihusu alama mbili. Sisi tunaosomea Kiswahili ndio tutakaoandika vitabu vya shule, tutakaotafsiri habari, tutakaokaa katika kamati za istilahi. Tukimwita seremala wa Basel "msanifu" kwa sababu ana tuzo, na seremala wa Kampala "fundi" kwa sababu hana, hatutakuwa tumetafsiri kitu. Tutakuwa tumepanga watu kwa madaraja na kuyaita madaraja hayo sarufi.

Pendekezo langu ni dogo. Pale istilahi rasmi inapohitajika, tuandike "msanifu majengo". Lakini tunapoeleza maisha na kazi ya mtu kama huyu, tusiogope kuandika: Peter Zumthor, fundi seremala, baadaye msanifu majengo, na fundi mpaka leo. Sentensi hiyo ina usahihi ambao tafsiri ya darasa zima, pamoja na yangu, haikuwa nao.

Likizo iliyopita nilimwonyesha baba picha ya ndani ya kile kikanisa cha Wachendorf. Aliishika simu karibu na uso, akaitazama michirizi ya ukutani kwa muda. Hakuuliza kuhusu tuzo. Aliuliza magogo yalikuwa ya mti gani, na waliwezaje kuyatoa bila kuubomoa ukuta. Nilipomweleza kuhusu ule moto wa wiki tatu, alitikisa kichwa.

"Huyo ni fundi," akasema, akarudi kwenye randa yake.